Mkono Ulipokuwa Ushahidi

Katika Nakuru ya miaka ya tisini ungeweza kuijua kazi ya mtu kwa kumtazama mikono. Aliyepungukiwa na vidole viwili vya kushoto, huyo yaelekea alisukuma mbao kwenye msumeno wa mviringo huko Elburgon, Molo au Njoro. Aliyeungua kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko alikuwa mtu wa boila. Wa mashamba ya maua ya Naivasha walikuja na ngozi iliyobabuka kwa dawa, na wachuma chai wa upande wa Kericho walishuka kwenye matatu polepole, mkono mmoja kiunoni, kwa sababu kilichoumia kwao hakikuonekana kwa nje. Nilikuwa karani wa wakili aliyeshughulikia kesi za majeraha ya kazini. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kila mmoja wao amefika kwa daktari akiwa na kadi ya hospitali, kitambulisho, na nauli ya kurudi Kaptembwo au Rhonda.

Tulikwenda kwa daktari kutafuta asilimia. Jeraha lilikuwa limekwisha kutibiwa, mshono umetolewa, mfupa umeunga; kilichobaki ni kujua huyu mtu amepungukiwa na nini maishani mwake, na upungufu huo uandikwe kwa tarakimu. Daktari tuliyemtumia alikuwa na chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Hakuwa na mitambo. Alitoa shilingi mfukoni, akaiweka mezani, akasema, "Iokote, kijana wangu. La, si kwa huo mzima. Kwa mkono ulioumia." Kijana wa msumeno angeikwaruza ile shilingi, ikamkimbia hadi ukingoni mwa meza, akaidaka ikianguka. Kisha daktari alikunja mkanda wa kupimia presha, akaupuliza kidogo, akampa aukamate. "Haya, ukamue kwa nguvu zako zote." Sote tulitazama mshale ukipanda. Akaandika. Akabadilisha mkono, akaandika tena. Mwishoni mwa ripoti, baada ya historia ya ajali na orodha ya vidole na viungo vyake, ndipo ilipokaa ile tarakimu: ulemavu wa kudumu, asilimia 8.

Bima nayo ilikuwa na haki ya kumpeleka kwa daktari wake. Baada ya majuma kadhaa mtu yuleyule alipanda ngazi nyingine, akavua shati mbele ya mtu mwingine, na ripoti ya pili ikaja: asilimia 2. Tulikuwa tukitaniana ofisini kwamba kidole kimepona njiani, kati ya daktari na daktari. Ukweli ni kwamba kila upande ulimjua daktari wake, na kila daktari alijua nani analipa.

Mpaka hapo hakuna la kujivunia. Lakini tarakimu hizo mbili hazikumaliza neno. Zilikwenda mbele ya hakimu, na mwenye mkono alikwenda nazo.

Nimeshuhudia hakimu akiweka kalamu chini na kuinama mbele ya meza yake. "Hebu inua mkono. Geuza upande wa pili. Funga ngumi." Ngumi haikufunga, kidole cha shahada kilibaki kimesimama peke yake, kimekakamaa. Hakimu akaandika kwa mkono, maana zama hizo kila neno liliandikwa kwa mkono: mahakama imeona kwamba mdai hawezi kufunga ngumi. Wakili wa bima akasimama na swali alilodhani ni la kumaliza kesi.

"Lakini jembe unaweza kulishika, sivyo?"

"Nalishika, bwana wakili. Likigonga jiwe ndipo linaniponyoka."

Hakimu akaliandika na hilo. Shamba la Njoro lina mawe, na hakimu alijua. Kwa jibu hilo moja, pengo kati ya 8 na 2 lilianza kuwa na maana ambayo daktari yeyote kati ya wale wawili hakuwa ameiandika.

Bima ilikata rufaa, kama ilivyokata karibu kila hukumu. Faili ikapanda kwa jaji wa Mahakama Kuu. Jaji hakumwita mdai wala daktari. Alisoma rekodi. Na hapo ndipo palipokuwa na kanuni ambayo kila karani wa Nakuru aliijua bila kusomea sheria, kwa jinsi ilivyorudiwa katika kila hukumu ya rufaa: ile iliyotoka katika kesi ya Selle ya mwaka 1968, katika Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki. Mahakama ya rufaa ya kwanza hupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake yenyewe, ila ikumbuke kwamba yenyewe haikuwaona mashahidi wala kuwasikia, na itoe nafasi kwa hilo. Jaji alikuwa na adabu mbele ya karatasi kwa sababu chini yake alikuwapo mtu aliyeona. Ngumi isiyofunga ilikuwa ndani ya rekodi. Jiwe la Njoro lilikuwa ndani ya rekodi.

Sitaki kuupamba wakati ule. Ulikuwa umeoza, na harufu yake ilianzia langoni mwa hospitali. Pale walisimama madalali wa kesi, vijana waliovaa vizuri kuliko waganga, wakinusa bendeji. Mgonjwa hajapata kitanda, tayari ameweka sahihi karatasi ya kumteua wakili asiyemjua. Zilikuwepo kadi za matibabu zilizoandikwa usiku mmoja kwa wino mmoja, za watu walioumia na za watu ambao hawajaumia kamwe. Waajiri nao walikuwa na rejista zao za vibarua, ambazo kwa muujiza hazikuwa na jina la mtu siku ileile aliyokatwa. "Hakuwa kazini siku hiyo, mheshimiwa," msimamizi aliapa, huku kidole cha huyo asiyekuwa kazini kimebaki kwenye mashine.

Aliyeyapita hayo alikutana na hoja ya uzembe. Sheria ya kudai fidia mahakamani ilimtaka mfanyakazi athibitishe kwamba mwajiri alikosea: hakutoa glavu, hakuweka kinga kwenye msumeno, hakumfunza. Mwajiri alijibu kwamba kijana alikuwa akizungumza kazini. Hakimu akagawa lawama, tuseme nusu kwa nusu, na fidia ikakatwa kati. Halafu kuahirishwa. Faili haionekani. Hakimu yuko likizoni. Wakili wa upande wa pili yuko Nairobi. Daktari anataka alipwe kabla ya kuja kutoa ushahidi, hivyo mawakili wanakubaliana ripoti zote mbili ziingizwe bila kumwita, na hilo lilitokea mara nyingi kuliko nipendavyo kukumbuka. Fedha zilipotoka, wakili alikata yake, dalali alikata yake, na mama mwenye watoto watano akapewa bahasha aliyoihesabu mara mbili kwa kudhani amekosea. Kuna walioshinda kesi wakiwa wameshazikwa. Kuna walioshinda wakakuta bima imeanguka: United Insurance ilipowekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, wadai kote nchini walibaki na hukumu mikononi na hakuna wa kumdai.

Kwa hivyo Bunge lilipopitisha Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini mwaka 2007, ile ambayo kila mtu anaiita WIBA, watu wengi waliopitia mikononi mwetu walikuwa na sababu ya kushukuru. Ilianza kutumika tarehe 2 Juni 2008, Nakuru ikiwa bado na majivu ya ghasia za Januari zilizofuata uchaguzi, wafanyakazi wa viwandani wakiwa wametawanyika kambini na kwa jamaa. Iliondoa sheria kuukuu ya fidia kwa wafanyakazi, Sura ya 236. Ilisema mfanyakazi aliyeumia kazini atalipwa bila kuulizwa ni nani alizembea. Ilimlazimisha mwajiri kukata bima. Na kifungu cha 16 kikafunga mlango: hakuna tena kumshtaki mwajiri mahakamani kwa fidia ya jeraha. Badala yake mwajiri atatoa taarifa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, fomu itajazwa, daktari ataandika asilimia, na Mkurugenzi atapiga hesabu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na wepesi wake ndio uliovutia. Ulemavu kamili wa kudumu ni mshahara wa miezi 96. Jedwali la kwanza la sheria lina orodha ya viungo vya mwili, kimoja kimoja, kila kimoja na asilimia yake. Aliyepoteza macho yote mawili ni 100. Chukua kibarua wa shilingi 15,000 kwa mwezi. Miezi 96 ni shilingi 1,440,000. Asilimia 8 ya hizo ni 115,200. Asilimia 2 ni 28,800. Ya kwanza inanunua ng'ombe wa maziwa na kubakisha karo. Ya pili inalipa madeni ya dukani yaliyopatikana wakati mtu amelala nyumbani na bendeji. Wakati wetu asilimia ilikuwa kitu kimoja kati ya vingi ambavyo hakimu alivitazama kabla ya kutaja kiasi. Chini ya sheria mpya asilimia ndiyo kiasi chenyewe. Ukiongeza moja, umeongeza 14,400. Ukipunguza moja, umepunguza hizo hizo. Kwa hiyo mtu angetarajia kwamba sasa ndipo kupimwa kungetazamwa kwa macho makali zaidi kuliko zamani.

Mawakili hawakungoja kuona. Chama cha Mawakili Kenya kilikwenda Mahakama Kuu, na Machi 2009 Jaji Jackton Ojwang akavitangaza vifungu kadhaa, kile cha 16 kikiwemo, kuwa kinyume cha Katiba. Mjini tulisema mawakili wanalinda unga wao, na hatukukosea sana. Lakini kesi zikaendelea kufunguliwa kama kawaida, mwaka baada ya mwaka, na makabati ya faili yakajaa. Serikali ilikata rufaa. Novemba 2017 Mahakama ya Rufaa ikarudisha sehemu kubwa ya vifungu hivyo, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo.

Hoja ya majaji ilikuwa na mantiki, na niliisoma kwa makini kwa sababu ilikuwa inanifuta kazi. Walisema sheria haijamnyima mfanyakazi mahakama. Imemtaka tu aanze kwingine. Katiba ya 2010 yenyewe inahimiza njia nyingine za kutatua migogoro. Aende kwanza kwa Mkurugenzi. Asiporidhika na uamuzi, ana siku 60 za kuweka pingamizi kwa Mkurugenzi huyohuyo. Mkurugenzi ana siku 14 za kujibu kwa maandishi na kutoa sababu. Bado hajaridhika? Ana siku 30 za kukata rufaa kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mlango wa mahakama upo. Umehamishwa tu, kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho wake.

Kilichofuata Nakuru kilikuwa vurugu. Tangu kesi ya meli Lillian S ya mwaka 1989, mahakimu wa Kenya wamefunzwa kwamba mahakama isiyo na mamlaka huweka zana chini papo hapo, haisogei hata hatua moja zaidi. Basi wengine wakaziweka. Kesi zilizokuwa zimesikizwa hadi shahidi wa mwisho zikafutwa. Mtu aliyekuwa akingoja tarehe ya hukumu akaambiwa aanze kwa Mkurugenzi, wakati sheria hiyohiyo inataka dai lipelekwe ndani ya miezi 12 tangu ajali, na ajali yake ina miaka sita. Mahakimu wengine walisema hapana, huyu alikuja mahakamani wakati mahakama yenyewe ilimwambia aje, hatuwezi kumgeuka. Hakimu wa chumba hiki alisema hivi, wa chumba cha pili akasema vile. Ilichukua hadi Aprili 2023, Jaji Mkuu Martha Koome alipotoa maelekezo katika Gazeti rasmi la Serikali kwamba kesi zilizofunguliwa kabla ya uamuzi wa Mahakama ya Juu ziendelee kusikizwa palepale zilipo hadi mwisho. Waliokuwa wameshafukuzwa, wengi hawakusikia habari hiyo. Mji nao ulikuwa umebadilika: Eveready ilikuwa imefunga kiwanda chake cha betri tangu 2014, misumeno mingi ya Elburgon ilikuwa kimya, na Nakuru yenyewe ilikuwa imepewa hati ya kuwa jiji mnamo Desemba 2021.

Siku hizi nimestaafu, lakini waliovunjika hawajastaafu, na wanajua nyumba ninayokaa. Mpwa wangu alibanwa mkono kwenye roli ya mashine, kiwanda sikitaji. Mwajiri, kwa haki yake, alijaza fomu. Hilo si dogo. Fomu ya WIBA huanza na sehemu ya mwajiri, na mwajiri asipoijaza, mfanyakazi anazunguka ofisi ya leba akiwa na hadithi tu. Sehemu ya daktari ilijazwa na daktari aliyeteuliwa na kampuni. Kijana alikaa mbele yake kwa muda wa kunywa nusu kikombe cha chai. Hakupewa shilingi aiokote. Tarakimu ikatoka, ndogo, na mpwa wangu akaja kwangu jioni na nakala.

Nilimweleza ngazi zote: pingamizi, siku 60, jibu, rufaa, siku 30. Nikamwambia atafute ripoti ya daktari wa pili, na gharama zake. Alinisikiliza vizuri, kwa heshima, kisha akauliza swali moja.

"Sasa, mjomba, ile siku ya kwenda kuonyesha mkono ni ipi?"

Nilitafuta katika ngazi zile zote siku ya kumtajia, nikaikosa. Aliyeangalia mkono ni daktari, mara moja, peke yake, bila wa kumuuliza swali. Kuanzia hapo kinachosafiri ni karatasi. Sheria inamruhusu mfanyakazi awe na daktari wake wakati wa kupimwa, kwa gharama yake mwenyewe; mwambie hivyo kibarua wa Rhonda uone atakavyocheka. Inampa Mkurugenzi uwezo wa kuchunguza na kuuliza, lakini mtu mwenye rundo la fomu za kaunti nzima hupiga hesabu kutokana na kilichoandikwa. Na rufaa ikifika mahakamani, jaji anaanza na maswali ambayo hayana uhusiano na mkono. Pingamizi liliwekwa ndani ya siku 60? Barua ya Mkurugenzi ni ya tarehe gani? Rufaa imekuja ndani ya 30? Je, uamuzi ulitoa sababu? Ni maswali halali. Ndiyo kazi ya mahakama inapokagua uamuzi wa ofisi nyingine. Akifika kwenye asilimia yenyewe, anakuta ripoti mbili zinazopingana, na yeye si daktari. Jaji makini hatajifanya ameona mfupa. Ataheshimu uamuzi wa chini, au ataurudisha ukapimwe upya.

Na hapa ndipo ninapokwama kila nikifikiria. Jaji wa zamani aliheshimu uamuzi wa chini kwa sababu chini alikuwepo mtu aliyeona na kusikia. Heshima hiyo imebaki, sababu yake imeondoka. Jaji wa rufaa hakuona, na aliyetoa uamuzi anaokaguliwa, mara nyingi, naye hakuona. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga. Katika faili za siku hizi asiyekuwepo ni mwenye jeraha mwenyewe.

Si sisi peke yetu tuliolazimika kujiuliza hili. Wachuma chai zaidi ya elfu moja wa Kericho, wanaosema migongo yao iliharibika kwa kuchuma na kubeba katika mashamba ya James Finlay, waliishtaki kampuni hiyo Scotland, ilikosajiliwa. Mawakili waliovaa majoho Edinburgh wakajikuta wakibishana juu ya WIBA: je, huyu mchuma chai anaweza kupata haki yake kwa Mkurugenzi Kenya, au ni njia ya jina tu? Novemba 2023 majaji wa rufaa wa huko waliisimamisha kesi ili njia ya Kenya ifuatwe kwanza. Wakati ule nilifikiria mgongo. Kidole kilichokatika angalau kimo kwenye jedwali, na hata fomu iliyojazwa kwa haraka haiwezi kukikana. Mgongo uliochakaa kwa miaka ya kubeba kikapu hauna picha ya kuonyesha. Unajulikana tu ukimwona mtu akiinuka kitini. Nani anamwona akiinuka?

Kule Australia, katika jimbo la New South Wales, nako wafanyakazi hulipwa kwa asilimia na nako wanagombana juu yake. Lakini asiyeridhika na tarakimu ya mpimaji anaweza kwenda mbele ya jopo la rufaa la watu watatu, madaktari wawili na mtu mmoja wa sheria, na jopo hilo linaweza kumpima upya. Jopo likikosea sheria au lisipoeleza limefikaje lilipofika, Mahakama Kuu ya jimbo inaweza kuubatilisha uamuzi wake. Majaji wale nao hawagusi mkono. Ila wanapokagua, wanakagua kazi ya watu walioweza kuugusa.

Mpwa wangu hakuweka pingamizi. Alipiga hesabu ya nauli, daktari wa pili, na siku za kibarua ambazo angezikosa, akaona tofauti itakayobaki haimlipi. Alichukua alichopewa, akarudi kazini, akahamishiwa kupakia katoni. Alilipwa kabla ya mwaka kwisha, bila wakili, bila dalali, na hakuna aliyemwambia kwamba alizembea. Ningekuwa mwongo nikisema wateja wangu wa zamani wangeikataa bahati hiyo. Wengi wao wangeichukua na kukimbia nayo.

Ndiyo maana siwezi kuungana na wenzangu wa zamani wanaokutana kwenye mikahawa ya karibu na mahakama wakiililia enzi ya kesi. Wanachokililia ni asilimia nyingine, ile ya wakili. Sheria hii haina haja ya kubomolewa. Inahitaji kitu kidogo: pingamizi likiwa juu ya kipimo cha ulemavu, mwenye jeraha aitwe, apimwe upya mbele ya madaktari wawili wasiolipwa na upande wowote, aulizwe anafanya nini kwa mkono huo nyumbani na kazini, na majibu yake yaandikwe kama alivyoyasema. Hapo jaji wa rufaa atakuwa na kitu cha kuheshimu.

Watasema hilo litarudisha ucheleweshaji tulioukimbia. Nilikuwepo, najua kesi zilichelewa wapi. Zilichelewa kwa wakili ambaye hakuja, kwa faili iliyopotea, kwa bima iliyokata rufaa ili kuvuta muda, kwa tarehe iliyozaa tarehe nyingine. Kesi moja ilikula miaka mitano, na katika miaka hiyo mitano kuinua mkono, kuugeuza, kufunga ngumi isiyofunga na kujibu swali la jembe hakukuchukua hata robo saa. Tulipoamua kuokoa muda, hiyo robo saa ndiyo tuliyoikata.